Maji Yasiyo na Mkono

Mtu anaponawa uso, maji huvunjika. Anapoosha sahani, hugonga, hukwama, hurukaruka. Anapojaza ndoo, sauti huanzia chini, nene, kisha hupanda taratibu na kuwa nyembamba mpaka ndoo ijae. Spana alizijua sauti hizo kama mama anavyojua kilio cha mwanawe, na hakuona haya kujipiga kifua kwa jambo hilo. Msimamishe karibu na ukuta wowote wa mtaa ule, atatega sikio na kukuambia nani anafua, nani anaoga, na nani ameacha bomba wazi akaenda kupiga soga kwa jirani. Jina la Spana alipewa na wateja wake wa ufundi bomba, naye alilipenda kuliko lile la kwenye cheti.

Sasa sikia ajabu. Fundi mwenye masikio ya namna hiyo alikaa karibu miaka miwili akisikia sauti moja ndani ya nyumba yake mwenyewe, na asiijue.

Ilitoka bafuni. Ilianza dakika chache baada ya chakula, dada yake akishainuka mezani. Koki inafunguliwa mpaka mwisho, maji yanamwagika, yanamwagika, kisha kimya. Baadaye Dada anatoka, macho mekundu, anapita sebuleni bila kugeuza shingo, anaingia chumbani kwake. Mezani vinabaki vikombe viwili vya chai. Kimoja anakunywa Spana. Cha pili kinapoa mbele ya kiti kitupu.

Kiti kile ndicho kilichomuuma.

Walikuwa wawili tu. Mama yao alipofariki, Dada alikuwa na miaka kumi na tisa, yeye kumi na mmoja. Dada akasomea ualimu huku akimlea, akimfulia, akimkagua masikio kila Jumatatu. Siku hizo walikula sahani moja ya bati, yenye ua la bluu katikati, na mchezo wao ulikuwa kushindana nani atalifikia ua kwanza. Zikiwepo nyama, Dada alizisukuma upande wa mdogo wake kwa kidole kidogo. Wakimaliza hawakuinuka. Walikaa palepale, mchuzi ukiwakaukia vidoleni, Dada akiwaiga watu: jirani anayegombana na kuku wake, mwalimu mkuu wa shule ambayo Dada angekuja kufundisha, anayepiga chafya kwa awamu, tatu za kuonya na moja ya kubomoa. Spana alicheka mpaka akapaliwa. Sasa alikuwa na miaka ishirini na nne na ndevu zake kidevuni, na bado hakuna alichokitamani kama kikao kile cha baada ya chakula.

Siku moja aliuliza kwa nini maji yanachukua muda mrefu vile.

"Koki inagoma kufunga," Dada akajibu.

Hapo ndipo alipopotea njia. Laiti angejibiwa kitu kingine chochote, huenda angelichimba jambo. Lakini ameambiwa koki, na koki ni kazi yake, na kazi yake ni fahari yake. Akabadilisha raba. Maji yakaendelea kumwagika vilevile kila baada ya chakula. Akabadilisha koki nzima. Bado. Akavunja ukuta kidogo, akabadilisha bomba la nyuma, akaupaka rangi tena.

"Fundi wa mji mzima," Dada akamtania, akiwa ameegemea mlango wa bafu, "koki ya kwako imekushinda?"

"Hii ya leo ni ya shaba, Dada. Hii utazeeka nayo."

Dada alicheka, lakini kicheko chake kilikatika kabla ya wakati, kama mtu aliyekumbuka deni.

Mambo mengine nayo yalikuwa na majibu yake. Vifundo vya vidole vya mkono wa kulia vilikuwa na magamba na vidonda vidogo: chaki inanikausha ngozi. Sauti imekwaruza: nina watoto sitini wa darasa la kwanza, jaribu wewe. Mkate mzima ulionunuliwa asubuhi hauonekani: nimewapelekea watoto shuleni. Peremende mfukoni, asubuhi na jioni: napenda tu. Na mashavu yalipoanza kujaa chini ya masikio, Spana hakuuliza. Alitania.

"Mashavu hayo! Kumbe shule inanenepesha hivi!"

Dada aliyafunika kwa viganja vyote viwili. Siku hiyo hakula kabisa. Spana alidhani ametania vizuri tu, na kwamba mwenzake kaamka vibaya.

Ikafika Jumamosi moja, mchana. Spana ndiye aliyepika, wali na maharage, na alipika kwa madaha kama anayesubiri wageni. Dada alikula. Alikula haraka, bila kuinua macho, kama mtu anayekimbizwa. Akaongeza. Akaongeza tena. Spana akafurahi moyoni: leo chakula kimempendeza, leo atakaa. Akamimina chai kwenye vikombe viwili.

Dada akainuka. Mlango wa bafu ukafungwa. Koki ya shaba ikafunguka.

Spana akatega sikio, akitabasamu, kwa sababu alitaka kuisikia kazi yake. Ilikuwa kazi safi. Maji yalitoka kwa nguvu, bila kukohoa, bila kutetemesha bomba. Yalianguka moja kwa moja, sawasawa, kama kamba iliyonyooshwa.

Tabasamu likamtoka taratibu.

Yalianguka moja kwa moja mno. Hayakuvunjika. Hayakugonga sahani, hayakugonga uso, hayakujaza kitu. Hapakuwa na mkono ndani ya maji yale.

"Haya hayaoshi kitu," akajisemea. "Haya yanafunika."

Damu ikamchemka. Alikuwa mwepesi wa hasira tangu utoto, na zaidi pale anapogundua amefanywa mjinga. Mtu mwingine angegonga mlango. Spana alikuwa fundi. Alitoka nje, akainama kwenye mita, akashika kile kishikio chekundu cha koki kuu na kukizungusha mpaka kikakaza. Maji ya nyumba nzima yakakatika.

Kukawa kimya. Na kupitia kidirisha cha bafu, katika kimya kile alichokitengeneza kwa mikono yake, akamsikia dada yake akitapika. Kisha akasikia jambo baya zaidi. Dada alikuwa amejisikia mwenyewe, akanyamaza ghafla, kama mtoto aliyeshikwa.

Spana alibaki amechuchumaa pale, mkono bado juu ya kishikio. Alitamani kukirudisha, na hakukirudisha.

Dada alipotoka alikuwa amejifuta uso kwa upande wa khanga.

"Umefunga maji."

"Unaumwa?"

"Umefunga maji, wewe."

"Nimekuuliza unaumwa, Dada? Tangu lini? Una mimba?"

"Mimba ya miaka miwili?" Dada akamtazama. "Labda ya tembo."

Siku nyingine Spana angeanguka kwa kicheko. Siku hiyo alipandisha sauti. "Basi ni nini? Chakula changu kibaya? Mimi nasimama jikoni napika, wewe unakwenda kumwaga? Watu wanalala na njaa, wewe..."

"Malizia."

Spana akajifuta vumbi la mita mikononi.

"Malizia tu. Hayo yote najiambia mwenyewe kila siku, tena kwa sauti kali kuliko yako." Akaingia chumbani. Ufunguo ukazunguka.

Tangu siku hiyo Dada hakula tena nyumbani. Aliondoka mapema, akirudi anasema, "Nimekula shuleni," na maneno mengine hayakuwepo. Maji ya bafuni yalifunguliwa kwa kunawa tu. Spana aliyasikia yakivunjika juu ya mikono ya Dada na hakupata raha yoyote, maana alijua mwenzake amehamishia siri mahali pengine, mbali na masikio yake. Jioni aliendelea kuweka vikombe viwili mezani. Hakujua aache vipi.

Siku ya kumi na moja aliitwa kwa daktari wa meno. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni, na beseni lake la wagonjwa kutemea lilikuwa limeziba. Spana alilala chali chini ya beseni, akafungua bomba.

"Leo huimbi?" mama yule akauliza. Alikuwa amemzoea. Spana alikuwa na tabia ya kutunga beti akiwa kazini, nyingi za kujisifu.

"Leo sina ubeti, Mama." Akakaza, akalegeza, akakaza tena. "Mama, mtu akilalamika kwamba maji ya baridi yanamuuma meno, si moja, yote. Ni nini hiyo?"

"Mambo mengi. Wewe?"

"Dada yangu."

"Umeyaona meno yake?"

"Ya mbele yamekuwa mafupi kidogo. Kama yamepigwa msasa. Ukimwona juani, ncha zake zinapitisha mwanga."

Daktari aliweka chini chombo alichokuwa akikifuta. "Akishakula, huwa anakwenda wapi?"

Spana alijigonga kichwa kwenye beseni. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, na sijamwona, kwa hiyo siwezi kuapa. Ila asidi ya tumboni ikipanda mara kwa mara, inayala meno kwa ndani. Mashavu je? Hapa, chini ya masikio?"

"Yamejaa."

"Tezi za mate zinavimba. Mikono? Vifundo vya vidole vina michubuko ya meno?"

 Kutoka chini ya beseni sauti ikatoka polepole, "Alisema ni chaki."

Mama yule alivuta kiti, akakaa karibu na miguu ya fundi, akamweleza. Ule ni ugonjwa na una jina, unaitwa bulimia. Mtu anakula chakula kingi kwa kasi, hawezi kujizuia hata akitaka, halafu hofu na aibu vinamkaba na anakitoa. Humjui kwa wembamba, wengi wana mwili wa kawaida tu. Si ukaidi. Si dharau kwa mpishi.

"Unaua?"

"Unaweza. Kutapika kunapunguza madini ya damu ambayo moyo unayategemea, ndiyo maana haifai kusubiri. Lakini unatibika. Usinitolee macho hivyo, kijana wangu. Watu wanapona."

Spana akajivuta kutoka chini ya beseni, akakaa sakafuni, akamsimulia habari ya koki kuu. Hakujipunguzia hata kidogo. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimvua nguo mchana kweupe," akasema.

"Najua."

"Usirudie. Usimvizie mlangoni, usihesabu matonge yake, mwili wake usiusifu wala usiukosoe. Mwambie ulichokiona, bila kumhukumu. Mwambie utakwenda naye. Mimi ni wa meno tu, mwenye kazi hii yuko hospitali, Jumanne asubuhi." Akaandika kwenye karatasi. Kisha akaongeza, "Na meno yake nayaomba baadaye, tuokoe yaliyobaki."

Spana alipitia nyumbani kwanza. Alichukua spana kubwa kuliko zote, akainama kwenye mita, akafanya kazi ya dakika tano. Kisha akaenda shuleni.

Watoto walikuwa wametoka. Dada alikuwa peke yake darasani, akifuta ubao. Spana akakaa kwenye kibenchi cha darasa la kwanza, magoti yakamfikia kidevuni.

"Nani kakuruhusu kuingia?"

"Nimemwambia mlinzi nimekuja kutazama bomba."

"Hapa hakuna bomba bovu."

"Najua. Nimedanganya."

Akatoa mfukoni kile kishikio chekundu, akakiweka juu ya dawati, katikati ya michoro ya watoto.

"Nini hiki?"

"Cha koki kuu. Nimekitoa. Hakuna atakayekufungia maji tena. Hata mimi."

Dada alikigeuza mkononi. "Na bomba likipasuka, nyumba ikifurika?"

"Tutaogelea."

Pembe ya mdomo wa Dada ilicheza, ikarudi. Spana akaona akisubiri zaidi ujasiri utamwisha, akapiga moyo konde.

"Nimeona mikono yako, Dada. Nimeona meno. Nimesikia maji, nimechelewa lakini nimesikia. Nilikutania mashavu, nisamehe. Nikakufungia maji, nisamehe na hilo. Nimeambiwa ni ugonjwa, na una daktari wake. Sikuja kukugombeza. Nimekukumbuka tu. Uko chumba cha pili, na nimekukumbuka kama mtu aliye safarini."

Dada alikaa juu ya dawati, akampa kisogo. Alipozungumza, aliuambia ubao.

"Unadhani mimi sitaki kukaa? Kila siku naapa. Leo nitakaa, nitakunywa chai, nitamwiga mwalimu mkuu. Halafu nikianza kula, kuna kitu kinanizidi nguvu, na nikimaliza kuna kingine kinaniambia nisipokitoa nitakufa. Nikiwa kule ndani, koki iko wazi, bado nasikia unavyoweka vikombe. Viwili. Kila siku viwili." Akavuta pumzi. "Ulikuwa mdogo wewe. Nilikuwa nasukuma nyama upande wako..."

"Nilikuwa naona."

Dada akageuka. "Ulikuwa unaona?"

"Kwa kidole kidogo, Dada. Hata kipofu angeona."

"Na ukala?"

"Nilikuwa na njaa."

"Na mimi," Dada akasema, na machozi yakamtoka. "Na mimi nilikuwa na njaa, mdogo wangu. Kisha kazi ikaja, chakula kikaja, na mimi nikabaki kukiogopa. Naogopa kitaisha. Naogopa hakitaisha. Sijui hata nilianza vipi."

  Spana aliinuka kwenye kibenchi chake, akaenda kukaa kando yake juu ya dawati.

"Jumanne," akasema hatimaye.

"Nina darasa Jumanne."

"Wana miaka sita. Hawana haraka."

"Utakuja nami?"

"Mpaka mlangoni. Ukiniita, mpaka ndani."

Jumanne ilipofika, hospitalini, Dada alimwita ndani. Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya uchovu na sauti ya upole. Aliuliza maswali bila kushangaa majibu, na Spana aliona mabega ya dada yake yakishuka kidogo kila jibu lilipopokelewa bila mshangao. Damu ikachukuliwa. Moyo ukapimwa. Madini yalikuwa yamepungua, akapewa dawa siku hiyohiyo na kuambiwa arudi kupimwa tena. Kisha kukawa na mshauri wa kuzungumza naye kila wiki, na ratiba ya kula, kidogo kidogo, kwa saa zilizopangwa, bila kuruka.

"Itachukua siku ngapi?" Spana akauliza.

"Unafanya kazi gani?"

"Fundi bomba."

"Nilihisi. Hapa hatubadilishi raba, ndugu yangu. Hesabu miezi. Tena atajikwaa, na kujikwaa si kurudi mwanzo."

"Mwache," Dada akasema. "Hata koki ilimshinda mara tatu."

Wiki zikaenda. Kuna siku Dada alikaa mezani, kikombe mkononi, kimya, vidole vikibonyeza meza, akitazama saa ya ukutani kama aliyezamishwa anayesubiri kuvutwa juu. Kuna siku aliinuka. Spana alijifunza kuziba sikio lake mwenyewe, na hakuwahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Aliimba. Aliosha vyombo kwa fujo. Wakati mwingine alitoka kwenda kuzungumza na kuku wa jirani.

Jumamosi moja ya wiki ya saba walikula pamoja. Dada alikula kiasi kilichopangwa, akaweka kijiko, akakaa. Spana akaenda jikoni kuleta chai. Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu.

Koki ya shaba ikafunguka. Maji yakaanguka moja kwa moja, sawasawa, bila mkono ndani yake.

Miguu ya Spana iliijua njia ya kwenda kwenye mita. Ikasimama yenyewe. Lakini kule nje palikuwa na chuma kitupu tu, kishikio kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari chumbani kwa Dada. Akakaa tena. Akaweka kikombe kimoja hapa, kingine kule. Akamimina.

Maji yakakoma. Mlango ukafunguka. Alizijua hatua zile: kumi na mbili, kisha zinapinda kushoto, kisha ufunguo. Akazisikia zikija. Zikafika penye kona, zikasimama. Zikasimama muda mrefu kiasi cha chai kuacha kutoa moshi.

Kisha hazikupinda.

Dada alivuta kiti, akakaa. Macho yalikuwa mekundu, lakini yalimtazama.

"Leo imenishinda," akasema, sauti imekwaruza. "Nilikuwa nimefikisha siku tisa. Leo imenishinda. Jumanne nitamwambia mshauri."

 Spana alinyoosha mkono na kukisukuma kikombe upande wa dada yake, kwa kidole kidogo.

"Nimekuona," Dada akasema.

"Hata kipofu angeona."

Dada alikishika kikombe kwa mikono miwili. Hakunywa. Alikaa nacho tu, mvuke haupo tena, na Spana akakaa naye. Nje mtu alikuwa anajaza ndoo. Sauti ilipanda, ikapanda, ikafika juu.

"Mwalimu mkuu jana kapiga chafya mbele ya wageni," Dada akasema ghafla.

"Kwa awamu?"

"Awamu? Ngoja. Hii haisimuliwi kwa kukaa."

Akasukuma kiti nyuma, akasimama. Na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, Spana alimwona akiinuka mezani bila moyo kumuuma.